Mkia wa mbegu ya kiume, jeni ya DNAH1 na ugumba wa mwanamume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi ya maabara Kampala, na sehemu kubwa ya siku yangu inapita nikiwa nimeinamia hadubini, nahesabu mbegu za kiume. Wanaoleta sampuli wanatoka kila upande: wafanyabiashara wa Kikuubo, madereva wa malori wanaolala Malaba na Busia, wanajeshi, Wakongo wa Nakivale, mabinti wa Mombasa walioolewa huku. Wengi wao tunaelewana kwa Kiswahili, lakini karatasi ya majibu wanayokabidhiwa imejaa Kiingereza na vifupisho. Hapa nimekusanya maswali wanayoniuliza zaidi baada ya kuambiwa kwamba mbegu hazisogei au mikia ina kasoro. Mimi si daktari, na matibabu yako yatapangwa na daktari wako. Ila picha ya kwenye kioo naijua vizuri, na ningependa uielewe kabla hujauza shamba au kuvunja ndoa.

Mbegu ya kiume ina mkia wa kazi gani?

Wa kuogelea. Mbegu ikishaingia kwa mwanamke, safari ni ndefu: kupita ute wa mlango wa kizazi, kupanda tumbo la uzazi, kuingia kwenye mrija, kisha kupenya ganda la yai. Mwili wa mwanamke husaidia kuisukuma kidogo, lakini kwenye ute na kwenye ganda la yai hakuna wa kuisaidia. Mkia usipopiga, mbegu inabaki pale pale ilipotua.

Kichwa chake, ambamo ndimo ulimofungwa urithi wote wa baba, kina urefu wa takriban mikromita 5 tu. Mkia ni karibu mara kumi ya hapo. Ukiitazama unaona ni kama injini ndefu iliyobeba mzigo mdogo sana. Antonie van Leeuwenhoek aliziona mara ya kwanza mwaka 1677, kule Delft, Uholanzi, kwa kioo alichokichonga mwenyewe, na akaziita vijinyama. Mtu yeyote anayeziona mara ya kwanza anamwelewa, maana zinakimbia kama zina akili zao.

Ndani ya mkia kuna nini?

Ukiukata mkia kwa upana kama unavyokata muwa na kuutazama kwa hadubini ya elektroni, utaona duara la jozi tisa za mirija midogo mno, na katikati mirija miwili peke yake. Wataalamu huuita mpangilio huu 9+2, na uti wote huo unaitwa aksonema. Ni mpangilio wa zamani ajabu. Vijidudu vya majini vyenye seli moja vinao, na vinyweleo vinavyofagia makohozi kwenye njia yako ya hewa vinao.

Kwenye kila jozi kuna mikono midogo iliyojipanga safu mbili, ya nje na ya ndani. Mikono hiyo ni protini inayoitwa dainini, jina lililotolewa mwaka 1965 na mtafiti Ian Gibbons. Dainini hula nishati, hushika jozi ya jirani, huivuta, huiachia, huishika tena. Kwa kuwa jozi zote zimefungwa pamoja, haziwezi kuteleza na kuachana, hivyo ule mvuto unageuka kuwa mpindo. Upande mmoja ukivuta, mkia unapinda huku. Mwingine ukivuta, unapinda kule. Fikiria wapiga kasia wa mashindano ya mitumbwi kwenye Ziwa Viktoria. Mtumbwi unaweza kuwa mpya na mzuri, lakini wapiga kasia wa safu moja wasipofika, watu wa ufukweni watausubiri hadi jioni.

Nishati nayo inatoka kwenye mitokondria zilizouzunguka mwanzo wa mkia, chini kidogo ya kichwa, mfano wa kamba iliyozungushwa kwenye mpini, na nyingine inazalishwa kwenye mkia wenyewe.

DNAH1 ni nini hasa?

Ni jina la jeni, na hutamkwa herufi kwa herufi. Jeni ni maagizo ya kutengeneza protini, na binadamu ana jeni za namna hiyo takriban 20,000. DNAH1 iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 3 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), na kazi yake ni kuagiza sehemu kubwa na nzito ya dainini ya safu ya ndani. Protini yake ni ndefu kupindukia, asidi amino (vipande vinavyojenga protini) zaidi ya 4,200 zilizounganishwa mstari mmoja. Maagizo marefu hivyo yana nafasi nyingi za kukosewa herufi.

Mwaka 2001 watafiti Ujerumani waliiharibu jeni inayolingana na hii kwa panya. Madume wakawa wagumba, mbegu zao zikijikongoja. Kwa binadamu jibu lilipatikana mwaka 2014, wakati timu ya Grenoble, Ufaransa, ilipochunguza wanaume wagumba, wengi wao wenye asili ya Afrika Kaskazini, ambao mikia ya mbegu zao ilikuwa na kasoro za kila aina. Kati ya wagonjwa 18 wasio na undugu, watano walikuwa na hitilafu kwenye DNAH1. Mikia ya mbegu za wagonjwa hao ilipokatwa na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni, safu ya ndani ya mikono ilikuwa haipo, na mara nyingi hata ile mirija miwili ya katikati ilikuwa imetoweka. Yaani dainini hii haipigi kasia tu. Inashikilia jengo zima, na ikikosekana mkia unajengwa vibaya tangu mwanzo.

Tangu hapo zimepatikana jeni nyingine nyingi zenye kazi ya aina hii, kwa mfano CFAP43, CFAP44, CFAP69, ARMC2 na QRICH2. Nimeichagua DNAH1 kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango, na ndiyo iliyochunguzwa zaidi.

Mkia unatengenezwa lini?

Si utotoni. Korodani huanza kutengeneza mbegu wakati wa kubalehe, na kila mbegu huchukua miezi miwili na nusu hivi toka seli ya awali hadi kukamilika. Mwanzoni ni seli ya duara isiyo na mkia wowote. Kisha kijisehemu kinachoitwa sentrioli kinajibandika upande mmoja na kuanza kuchomoza aksonema, kichwa kinabanwa na kurefuka, mitokondria zinajipanga kuzunguka shingo, na maji ya ziada ya seli yanatupwa. DNAH1 inatakiwa katika hatua hii ya ujenzi. Ndiyo maana mvulana mwenye hitilafu hukua kama wenzake, ndevu zikaota, sauti ikavunjika, asijue lolote mpaka siku anayotafuta mtoto.

Karatasi yangu imeandikwa mwendo asilimia 0. Mbegu zangu zimekufa?

Si lazima, na hili ndilo swali ninalotaka usome jibu lake mara mbili.

Nichukue sampuli niliyowahi kuishika mwenyewe. Kwenye kioo, mbegu zilikuwepo, si haba. Hakuna hata moja iliyosogea. Nilisogeza kioo huku na kule, nikasubiri, nikadhani labda sampuli ilipoa njiani. Kisha nikafanya kile kinachopaswa kufanywa kila mara mwendo ukiwa chini sana: nikachanganya tone moja na rangi ya eosini. Mbegu iliyokufa ngozi yake imetoboka, kwa hiyo rangi inaingia na kichwa kinageuka cha waridi. Iliyo hai inaikataa rangi na kubaki nyeupe. Nikatazama tena. Weupe ulikuwa mwingi kuliko waridi. Mbegu zilikuwa hai, ila hazina cha kuogelea nacho.

Tofauti hiyo ni kubwa kama mbingu na ardhi. Mbegu iliyokufa haina msaada kwa yai. Mbegu hai isiyoenda inaweza kubebwa. Kwa hiyo kama karatasi yako ina mwendo 0 na hakuna mstari wa uhai wa mbegu, rudi ulikopimwa uombe kipimo hicho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini cha rejea kuwa mbegu hai asilimia 54, zinazosogea asilimia 42, zinazosonga mbele asilimia 30, na zenye umbo zuri asilimia 4. Ndiyo, 4 tu. Usishtuke ukiona karatasi inasema asilimia 90 zina umbo baya, kwa maana hiyo ni hali ya wanaume wengi wenye watoto.

Mikia yenye kasoro ya jeni inaonekanaje?

Inachanganyikana. Moja haina mkia kabisa, kichwa peke yake kama punje ya mtama. Nyingine ina kishina kifupi. Nyingine umejiviringa kuzunguka kichwa kama mche wa maharage kabla haujafunguka. Nyingine umepinda ghafla kama kiwiko, na nyingine ni mnene hapa na mwembamba pale. Zote hizo ziko kwenye tone moja la mwanamume mmoja, na karibu hakuna yenye mkia wa kawaida. Mchanganyiko huo ndio unaomfanya mpimaji mwenye uzoefu afikirie jeni.

Nina nguvu za kiume kamili. Iweje niwe mgumba?

Nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha ni vitu viwili. Kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa ya damu, fahamu na homoni. Mkia wa mbegu hauhusiki. Manii yenyewe, kwa rangi na wingi, hutoka zaidi kwenye tezi nyingine, kwa hiyo hata ukiyatazama kwa macho huwezi kujua chochote. Wanaume wenye hitilafu ya DNAH1 kwa kawaida wana homoni za kawaida na maisha ya ndoa ya kawaida.

Mulondo utasaidia? Na vitamini?

Mulondo ni mzizi ambao watu wanautafuna kwa ajili ya hamu na nguvu, na sokoni Owino hukosi wa kukuuzia. Sitagombana na mtu anayeutafuna. Lakini hakuna mzizi, kidonge, wala unga wa kopo unaorekebisha herufi iliyokosewa kwenye jeni. Mkia uliojengwa bila mikono ya ndani hautaipata kwa kula. Vitamini huenda zikajaribiwa na daktari pale ambapo mbegu zimedhoofika kwa sababu nyingine, na hilo ni jambo jingine.

Ninachokiogopa ni muda. Nimeona mume na mke waliokuja na mfuko wa chupa tisa za dawa, miaka minne imepita, mke amefika 38. Mbegu za yule bwana zilikuwa vile vile kama mwaka wa kwanza. Mayai ya mke hayakuwa vile vile.

Naendesha boda boda. Inaweza kuwa ni joto la kiti?

Joto la muda mrefu, homa kali, kisonono au klamidia isiyotibiwa, matubwitubwi yaliyoshuka kwenye korodani, mishipa iliyovimba kwenye mfuko, sigara na pombe nyingi, vyote vinaweza kuharibu mbegu. Tena ni vya kawaida kuliko hitilafu ya DNAH1, na vingine vinatibika. Kwa hiyo daktari ataanza na hivyo, na anafanya sawa.

Lakini picha ni tofauti. Mbegu zilizoumizwa na joto au ugonjwa ni mchanganyiko: nyingine zinakimbia, nyingine zinayumba, nyingine zimekufa, na ukirudia baada ya miezi mitatu namba zinabadilika. Kwenye jeni, leo ni mkia mbovu karibu wote, baada ya miezi mitatu ni vile vile, baada ya miaka miwili ni vile vile. Ndiyo sababu tunakusumbua urudie kipimo. Kipimo kimoja kinaweza kuwa kimekamata malaria ya mwezi uliopita.

Baba yangu alizaa watoto saba. Kitu hiki kingenijiaje kwa kurithi?

Kila mtu ana nakala mbili za DNAH1, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa nzima inatosha. Baba yako anaweza kuwa alibeba nakala moja mbovu na moja nzima, akazaa saba bila shida. Mama yako vivyo hivyo, na kwake hata pasingekuwa na dalili. Wewe ndiye uliyepokea mbovu kutoka pande zote mbili. Kwa wazazi wa aina hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mbili mbovu, na kasoro ya mbegu inaonekana kwa watoto wa kiume tu. Ndiyo maana wakati mwingine ni ndugu wawili wa kiume katika nyumba moja, na hakuna mtu mwingine ukoo mzima.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna hekima ya wazee isiyosifiwa vya kutosha. Kwa Waganda, yaani watu wa Buganda, mtu haoi ukoo wake. Kama wewe ni wa Nkima, binti wa Nkima ni dada yako hata kama babu zenu waliachana vizazi ishirini nyuma, na ukoo wa mama yako pia ni mwiko. Makabila mengine mengi ya hapa yana sheria za aina hiyo. Ukiitazama kwa jicho la vinasaba, sheria hiyo inapunguza uwezekano wa watu wawili wenye nakala mbovu ile ile kuoana. Katika familia za Afrika Kaskazini zilizochunguzwa, ndoa za mabinamu zilikuwa nyingi, na ndiyo iliyowasaidia watafiti kuiona jeni kwa urahisi. Kwa ndugu zetu Waislamu ambao dini inawaruhusu kuoa binti wa ami, sisemi msioane. Nasema kama kaka wa bwana harusi ana tatizo hili, ni vyema mwonane na mshauri wa vinasaba mapema.

Hata hivyo kutooana ndugu si kinga kamili. Baba anaweza kubeba kosa moja na mama kosa jingine tofauti kabisa kwenye jeni ile ile, na mtoto akabaki bila nakala nzima.

Watu wanasema tumelogwa.

Nimeshayasikia haya kwa sauti ya mama mkwe aliyelia ofisini kwetu. Sikumcheka. Alikuwa anatafuta sababu, na hakuna aliyekuwa amempa. Nilimwonyesha kioo. Kuona mwenyewe mkia uliojiviringa kulimsaidia kuliko maneno yangu yote. Kosa hili lilikuwepo kabla mwanawe hajazaliwa, kabla hajamjua mke wake, kabla jirani yeyote hajamwonea wivu.

Kwa nini mke wangu ndiye aliyepimwa kwanza, miaka yote hiyo?

Kwa sababu ya mazoea, na mazoea haya yananikera. Binti mmoja alipita hospitali moja ya hapa mjini miaka mitatu: picha ya mirija, homoni, upasuaji mdogo wa kuchungulia tumbo, dawa za kukomaza mayai mizunguko sita. Mumewe hakuulizwa hata mara moja kuleta kichupa. Alipokileta kwetu, jibu lilipatikana kabla ya saa sita mchana.

Kipimo cha manii hakina sindano, hakina kisu, na bei yake iko chini sana ikilinganishwa na vile alivyopitia mke. Wapimwe wote wawili, siku moja ikiwezekana. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hukutana na ugumba katika maisha yake, na sehemu kubwa ya visa hivyo ina mkono wa mwanamume, peke yake au pamoja na mke.

Nitajuaje kama ni DNAH1 na si jeni nyingine?

Kwa hadubini ya kawaida huwezi. Inatakiwa damu au mate, na mashine ya kusoma jeni nyingi kwa pamoja. Si kipimo cha kila maabara, kwa hiyo uliza kituo cha uzazi kinakokutibu kama wanaweza kupanga, na uliza bei kabla. Na ujue kwamba hata baada ya kusoma, kwa wanaume wengi wenye picha hii jeni husika haipatikani. Kutopatikana hakuna maana kwamba tatizo si la jeni. Orodha bado inaandikwa.

Hiki si kile kipimo cha DNA cha kutafuta baba wa mtoto, ambacho watu wanakifuata maabara ya serikali pale Wandegeya. Kile kinalinganisha alama za mtoto na za baba. Hakisomi kasoro ya jeni yoyote.

Kuna jambo linalotuhusu sisi hapa. Ili useme herufi fulani ni kosa, lazima ujue watu wazima wa afya wa eneo hilo wana herufi gani. Vitabu vingi vya kulinganishia vimejaa taarifa za Wazungu. Uganda ina mchango wake: mwaka 2019 zilichapishwa taarifa za vinasaba vya watu wapatao 6,400 wa Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, karibu 2,000 kati yao wakiwa wamesomwa jeni zao zote. Kazi ile haikuhusu mbegu za kiume, lakini mtaalamu anayesoma DNAH1 ya Mganda sasa ana mahali pa kuangalia karibu na nyumbani. Natamani siku moja tupate kitabu cha namna hiyo cha wanaume wagumba wa kwetu.

Naweza kupata mtoto wangu wa damu?

Wanaume wengi wa aina hii wanaweza, kwa njia inayoitwa ICSI. Mke anapigwa sindano za kukomaza mayai, mayai yanavutwa kwa sindano nyembamba, kisha mtaalamu anachukua mbegu moja kwa bomba la kioo jembamba kuliko unywele na kuiingiza ndani ya yai moja. Hakuna kuogelea. Watoto wa kwanza wa njia hii walitangazwa mwaka 1992 na timu ya Brussels, Ubelgiji.

Nikuambie kitu ambacho wanaume wakikisikia nyuso zao hubadilika. Hata mbegu ya mwanamume mzima, yenye mbio zake, kabla ya kuingizwa kwenye yai mtaalamu huukandamiza mkia wake kwa ncha ya bomba ili itulie, isihangaike ndani. Yaani katika ICSI kila mbegu inaingia bila kuogelea. Wewe umefika bila mkia, wao wameuvunja mlangoni.

Ugumu uko kwenye kuchagua iliyo hai. Rangi ya eosini haifai hapa, kwa sababu mbegu iliyotiwa rangi haitumiki tena. Njia moja ni kuziweka kwenye maji yenye chumvi kidogo: ngozi ya mbegu hai hunyonya maji, na mkia huvimba na kujikunja. Sasa fikiria mikia ambayo tayari ilishajikunja yenyewe. Inahitaji jicho la mtu aliyezoea, kwa hiyo mwulize mtaalamu wa kituo waziwazi kama amewahi kushughulikia mbegu zisizosogea kabisa.

Taarifa zilizochapishwa mwaka 2016 kuhusu wanaume wenye hitilafu ya DNAH1 zilionyesha matokeo mazuri ya ICSI. Si kila jeni iko hivyo. Zile zinazoharibu sentrioli zinaweza kukwamisha mgawanyiko wa kwanza wa kiinitete, kwa maana sentrioli hiyo mbegu ndiyo inayoipeleka kwenye yai. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka kujua jina la jeni kabla ya kulipa.

Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa kupandikizwa mwaka 2004, Bukoto hapa Kampala, na leo kuna zaidi ya kituo kimoja kinachofanya kazi hii. Gharama ni mamilioni ya shilingi kwa mzunguko mmoja, na mzunguko mmoja hauhakikishi mtoto. Uliza bei yote, pamoja na dawa, kabla ya kuanza.

Mtoto atakayezaliwa atakuwa na tatizo hili?

Kila mtoto wako atachukua nakala moja mbovu, kwa kuwa huna nyingine ya kumpa. Mama akiwa na nakala zake mbili nzima, mtoto wa kiume ataogelea kama kawaida. Atakuwa mbebaji tu.

Nina kikohozi tangu utotoni. Kinahusiana?

Mwambie daktari. Vinyweleo vya mapafuni vina aksonema karibu sawa na ya mkia, na kuna ugonjwa wa kurithi unaoviharibu vyote: kikohozi kisichoisha, mafua ya kudumu, masikio, na kwa karibu nusu yao moyo uko upande wa kulia. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden alieleza kwamba wagonjwa wa namna hiyo walikosa mikono ya dainini. Kwa DNAH1 wanaume wengi hawana shida ya mapafu.

Mbegu hazisogei, na nyumbani tayari nina mtoto. Nifikirie nini?

Kwanza usifikirie chochote kwa karatasi moja. Sampuli iliyochelewa, iliyopoa, au iliyowekwa kwenye kondomu yenye dawa inaweza kuonyesha mwendo 0. Homa kali ya miezi miwili iliyopita inaweza kushusha mwendo. Ugonjwa au mishipa iliyovimba inaweza kuwa imeingia baada ya mtoto kuzaliwa. Rudia, mara mbili, kwa maabara inayopima uhai na umbo. Karatasi ya manii haikuandikwa ili kuhukumu ndoa ya mtu, na mimi ningeumia kusikia imetumika hivyo.

Tumweleze nani kwenye familia?

Hilo ni lenu. Ninachoomba ni kwamba mke asibebeshwe jina la tasa kwa kumstiri mume. Kama kuna ssenga (shangazi) mwenye busara, aitwe, aelezwe, kwa sababu neno lake kwa upande wa mume lina uzito kuliko la daktari. Na kaka zako wapime mapema, kwa faragha.

Sampuli naileta vipi?

Kaa bila tendo la ndoa siku 2 hadi 7. Tumia chupa safi yenye mdomo mpana utakayopewa na maabara, si chupa ya soda iliyooshwa. Bora utoe sampuli hapo hapo maabara, kuna chumba. Ukitoa nyumbani, ifike ndani ya saa moja, na Kampala saa moja si kitu ukikwama kwenye jam ya Jinja Road, kwa hiyo panga njia mapema. Chupa ibebwe ndani ya shati, karibu na mwili, isiwekwe kwenye buti wala kwenye mfuko wa baridi. Kama tone la kwanza limemwagika, sema, kwa sababu hilo la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi zaidi. Na andika kwenye chupa saa kamili uliyotoa, dakika kwa dakika, maana jambo la kwanza nitakalolitazama kabla ya kuwasha taa ya hadubini ni saa hiyo.